Ng'ombe Hakuenea

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kamba ya nguo. Miaka yote jirani yake, Bibi Cherehani, alianika nguo zake nyuma ya nyumba, kwenye kamba iliyotoka kwenye mpera hadi kwenye nguzo iliyosimama katikati ya bustani yake, ili wapita njia wasijue ana magauni mangapi. Asubuhi ile kamba ilikuwa mbele, imefungwa kwenye nondo ya dirisha upande mmoja na kwenye mti mwembamba wa uani upande wa pili, na nguo za ndani za bibi zilikuwa zinapepea zikitazamana na barabara. Kila aliyepita aliziona na kujifanya hakuziona.

Kamera alisimama mlangoni mwa karakana, msasa mkononi, akaitazama ile kamba mpaka Baba Mdogo akamwita mara ya pili.

"Wewe, hiyo nguzo itajisugua yenyewe?"

"Hapana, Baba Mdogo."

"Basi sugua. Jumamosi si mbali."

Akasugua. Nguzo zilikuwa ishirini, za uzio mpya, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuzilainisha. Alisugua huku akijua vizuri kwa nini kamba imehama. Bibi alikuwa ameanza kuiachia bustani kabla hata ya kufukuzwa. Na aliyemfukuza, ukitaka kusema ukweli wenyewe, hakuwa Baba Mdogo wala mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa yeye, Kamera, na brashi yake yenye nywele chache kama ndevu za mzee.

Jina lake halisi lilibaki kwenye rejista ya shule aliyoiacha akiwa darasa la tano, mwaka aliofiwa na mama yake. Alipokuja kukaa kwa Baba Mdogo, fundi seremala, alikuwa msichana wa kuitika tu: ndiyo, hapana, bado. Ukimuuliza jambo la zaidi ya hapo alitazama vidole vya miguu yake, kama vile jibu limeandikwa huko. Hata shuleni ilikuwa hivyo. Mwalimu aliuliza, yeye jibu analo, limejaa mdomoni, na mwenzake ambaye hajui kitu ananyoosha mkono na kukosea.

Lakini alikuwa na mkono. Vipande vya plaiwudi vilivyobaki baada ya milango na makabati, vingine vikubwa kama daftari, vingine kama kiganja, aliviokota chini ya meza ya kazi, akavipiga msasa, akachora juu yake. Rangi alizikomba kwenye makopo yaliyokwisha: bluu ya milango, kijani cha madirisha, kahawia ya vitanda. Nyeusi ilitoka kwenye masizi ya sufuria. Na alichora yale yaliyokuwepo tu. Foleni ya ndoo kisimani. Mama Mdogo akimwosha mtoto wake kichwa, na mtoto amefumba macho kama anayesubiri kuchomwa sindano. Fundi baiskeli amelala chali chini ya baiskeli ya mtu, miguu nje. Barabara ya kuelekea kinuni, na gunia lililotoboka na mstari mwembamba wa unga nyuma yake.

Jina la Kamera lilitokana na jogoo. Alichora uwanja wa jirani mmoja aliyefuga kuku, na katikati ya wale kuku akamchora jogoo asiye na mkia. Mke wa mwenyekiti alipoiona picha akashika kiuno. "Huyu si jogoo wangu aliyepotea?" Wakaenda, wakamkuta, na mkia hana. Kijiji kizima kikacheka wiki nzima. Fundi baiskeli, ambaye hakuna jambo lililompita bila kulitolea neno, akasema, "Hii ndiyo kamera. Haitaki betri, haitaki umeme, ukiipa chai inafanya kazi." Jina likashika. Hata Mama Mdogo akaacha kumwita kwa lile jingine.

Sasa picha iliyoleta balaa aliichora kiangazi cha mwaka juzi, Bibi Cherehani alipokuwa anaumwa na hatoki ndani. Kamera alitaka kumpelekea kitu. Akapanda juu ya rundo la mbao nyuma ya karakana, mahali ambapo ukitazama chini unaviona viwanja vyote viwili kwa pamoja. Kushoto nyumba ya bibi na mpera wake. Kulia jiwe kubwa ambapo Baba Mdogo humfunga ng'ombe. Katikati bustani ya bibi, ambayo kiangazi kile ilikuwa udongo mtupu. Na mwisho wa bustani, karibu kabisa na jiwe, mstari wa mikonge uliopandwa na watu ambao wote wamekwisha kufa. Huo ndio uliokuwa mpaka. Kutoka kwenye mpera hadi kwenye jiwe ni hatua kumi na nne. Kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mikonge ni hatua tatu. Kamera alizijua kwa miguu, maana ndiye aliyempelekea ng'ombe maji kila jioni.

Kibao cha siku ile kilikuwa na kasoro. Ukingo wa kulia plaiwudi ilikuwa imebanduka, kwa hiyo upana wa vidole vitatu haukushika rangi. Alianza na nyumba, kama kawaida yake, akaichora kwa raha, dirisha, mlango, mpera jani kwa jani. Alipofika kulia akajikuta amebanwa. Jiwe lilienea. Mikonge ilienea. Ng'ombe hakuenea. Na ng'ombe ndiye aliyempendeza siku ile: alikuwa amelala, shingo kaigeuza, anajilamba bega kama mtu asiye na deni wala safari. Akajaribu kumchora mdogo, akafanana na mbuzi. Akamfuta kwa kitambaa. Halafu akafanya jambo ambalo kila mwenye brashi amewahi kulifanya bila kuwaza mara mbili. Akaifuta mikonge pale karibu na jiwe, akaipanda upya kushoto, jirani na mpera, ambako palikuwa na udongo tu usio na cha kutazama. Ng'ombe akapata pa kulala. Picha ikakaa sawa. Kamera akaipuliza ikauke, akacheka peke yake kwa kuridhika.

Bibi aliipokea kitandani, akaisogeza usoni mpaka pua ikakaribia kuingia kwenye rangi. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. "Nyumba yangu hii! Mpera wangu! Na huyu ni ng'ombe wa seremala, mvivu vilevile." Alipopona akaitundika ukutani juu ya cherehani yake. Kila mteja aliyekuja kupimwa gauni alionyeshwa.

Mvua za mwaka huu zilikuja na hasira. Usiku mmoja mteremko ule uliporomoka, maji yakapita katikati ya viwanja viwili na kuondoka na udongo, maboga, banda la kuku, na mikonge yote na mizizi yake. Asubuhi palikuwa na tope jekundu, mpera upande huu, jiwe upande ule, na katikati hakuna kitu ila nguzo ya kamba ya bibi.

Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatafuta mahali pa kuanikia mbao, na mtu anayetafuta mahali huona mahali. Akasema kwa kumbukumbu yake mpaka ulipita katikati, au karibu na katikati. Bibi akasema mpaka ulikuwa karibu na jiwe na kila mtu anajua. Lakini kila mtu alipoulizwa, kila mtu akakuna kichwa. Nani huitazama mikonge? Unaipita tu, ukiangalia isikuchome. Wakabishana wiki mbili, kwa adabu mwanzoni, baadaye kwa sauti iliyofika barabarani, mpaka mwenyekiti akaita kikao uani kwa bibi.

Walikuja watu kama ishirini. Kamera alikaa nyuma, kwenye ngazi ya jikoni, kando ya Mama Mdogo. Maneno yalizunguka pale pale, kama ng'ombe wa kukanyaga tope, mpaka Bibi Cherehani akapiga makofi.

"Jamani, tunahangaika nini? Si Kamera aliichora? Mikonge ilikuwepo, na yeye aliichora. Ngojeni."

Akaingia ndani. Kamera akainuka nusu kwenye ngazi. Bibi akatoka na picha, anaipangusa vumbi kwa upindo wa gauni lake, uso umemchangamka kama aliyekwisha kushinda. Akamkabidhi mwenyekiti yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Bibi," akasema taratibu, "mikonge ipo hapa."

"Hapo wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Akamwonyesha. Kidole kilikuwa karibu na mpera kiasi kwamba kilificha nusu ya majani. Bibi akainama, akatazama muda mrefu, midomo inachezacheza kama anayehesabu. Baba Mdogo akaichukua picha, na yeye akabaki mdomo wazi, maana alikuwa ameomba nusu ya bustani na sasa picha inampa karibu yote.

"Hata mimi sikujua nimepunjwa namna hii," akasema, na alikuwa anasema kweli.

"Seremala!" fundi baiskeli akapaza sauti. "Kumbe miaka yote bibi kizee anakupora na wewe unampigia salamu!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akanyamazisha kwa mkono.

"Kamera. Simama mwanangu, usiogope. Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo."

"Uliichora ukiwa wapi?"

"Juu ya mbao."

"Mnasikia. Alikaa juu, anaona kote." Akaigeuza picha ili wote waione. "Mimi mwenyewe nilikuwa na jogoo hana mkia, nimekaa naye uani mwangu, sikujua kama hana mkia. Huyu akajua. Sisi sote hapa tunatazama, lakini anayeona ni huyu. Mkono huu haujui uongo."

Watu wakamgeukia. Watu ishirini, wote kwa pamoja, wanatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja akasema, "Kipaji hicho." Joto lilimpanda Kamera kutoka kifuani hadi masikioni. Akatazama vidole vya miguu yake. Mwenyekiti akasema anaweza kukaa, akakaa; ikaamuliwa mpaka ufuate picha, uzio upigwe na karatasi itiwe sahihi, na hakuna aliyemuuliza kitu kingine.

Hilo ndilo alilojiambia siku zilizofuata: hakuna aliyeniuliza. Wangeuliza, "Uliisogeza?" ningesema ndiyo. Waliuliza nani kachora, na wapi, na vyote viwili nilijibu kweli. Alijiambia hivyo akifagia, alijiambia akichota maji, na kadiri alivyojiambia ndivyo maneno yale yalivyozidi kupoteza ladha, kama kitu kilichotafunwa tangu asubuhi.

Kwa sababu bibi hakugombana. Angegomba, angelaani, angemwita seremala mwizi mbele ya watu, Kamera angepata pa kujifichia. Bibi alirudisha picha ukutani, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, "Basi kichwa changu ndicho kimeharibika. Miaka yote nimelima cha watu."

Na akaliamini hilo. Kamera alikuwa na desturi ya kupita kwa bibi kila baada ya siku mbili kumtungia nyuzi kwenye sindano, sindano kumi kwa mpigo, na kuzichomeka kwenye mto mdogo ili zimtoshe. Sasa alimkuta bibi anahesabu vifungo mara tatu. Alimkuta anauliza leo ni siku gani, na akiambiwa, anauliza, "Una hakika?" Siku moja alikuta kitambaa cha mteja kimekunjwa mezani, hakijakatwa.

"Nimemwambia akatafute fundi mwingine," bibi akasema. "Nitamkatia vibaya."

"Bibi, wewe hujawahi kukata vibaya."

"Hilo nilikuwa najua mimi, mjukuu wangu. Na yale ya mikonge pia nilikuwa najua."

Kamera akatunga nyuzi. Tundu la sindano lilimkataa mara nne.

Nyumbani hakula. Mama Mdogo akaiangalia sahani ikirudi ilivyokwenda. "Unaumwa, au umepata mchumba?"

"Hapana."

"Hapana ya kipi?"

"Vyote, Mama Mdogo."

"Haya. Maana vyote viwili dalili zake ni moja."

Alijaribu kusema. Haikuwa kwamba hakujaribu. Alisimama nyuma ya Baba Mdogo anapiga randa, akasubiri randa itulie, na randa ilipotulia akaomba gundi. Alifika kwa mwenyekiti, akamkuta anakula, akamwamkia, akaondoka. Mwisho akaona afanye kile anachokiweza. Akatafuta kibao kizima, kisicho na kasoro, kirefu kuliko vyote alivyowahi kuvipata, akapanda juu ya mbao. Akachora nyumba, mpera, jiwe. Akapima kwa jicho hatua kumi na moja na hatua tatu, akaipanda mikonge mahali pake, kila mmoja. Ng'ombe akaenea bila taabu. Alfajiri akaiegemeza kwenye mlango wa mwenyekiti, akakimbia kama mwizi.

Saa nne mwenyekiti akaja karakana, picha kwapani. Alikuwa anatabasamu.

"Seremala, mwanao ana roho nzuri. Tazama alichoniletea."

Baba Mdogo akatazama. Uso ukamwiva kwa hasira. "Wewe mtoto! Unataka nionekane mlaghai? Ya kwanza uliichora mwenyewe, hukutumwa na mtu!"

"Mwache," mwenyekiti akasema. "Kamera, nisikilize. Ile ya kwanza uliichora mikonge ikiwepo. Hii umeichora mikonge haipo. Mimi mwenyekiti niamini ipi?"

Akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale nyuma ya meno. Wanaume wawili wakimtazama, randa imesimama, maranda ya mbao yananing'inia kwenye ubao.

"Umemhurumia bibi," mwenyekiti akamsaidia. "Siyo?"

"Ndiyo," Kamera akasema.

"Basi. Ukimhurumia mpelekee kuni. Lakini usiuguse ukweli."

Habari ile ilimfikia bibi kabla ya jioni. Kamera alipoingia na kuni kichwani, bibi hakumkaribisha akae. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mikono juu ya mapaja, mashine imefunikwa.

"Nimesikia umenichorea bustani yangu upya."

Kamera akatua kuni.

"Sikia, mjukuu wangu. Najua unanipenda. Lakini mtu akizeeka, kichwa kikaanza kumkimbia, anahitaji watu wa kumwambia lililo kweli. Nilidhani wewe ndiye utakayenisaidia kwa hilo, maana macho yako yako sawa. Ukianza na wewe kunidanganya ili nifurahi, mimi nitamshika nani?"

Kamera akasema atarudi kesho kutunga nyuzi. Akarudi nyumbani akipita njia ya mbali ili asione mtu. Siku iliyofuata ndiyo aliyoamka na kuiona kamba ya nguo upande wa mbele.

Jumamosi ilifika, na jua lake kali lisilojali mtu. Mashimo yalikuwa yamechimbwa, ishirini, kwa mstari ulionyooka kando ya mpera. Nguzo zimelazwa, laini kama mifupa, kila moja imepita mikononi mwa Kamera. Meza ya kazi ya Baba Mdogo ilitolewa nje, juu yake karatasi ya makubaliano na kidau cha wino. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Baba Mdogo akatia sahihi yake yenye mikia mingi. Fundi baiskeli akatia yake kama shahidi, akasema, "Kalamu hii nzito, inataka kupakwa grisi," lakini safari hii hawakucheka sana, maana bibi alikuwa amevaa gauni lake la kwendea misibani.

"Zamu yako, bibi. Dole gumba tu."

Bibi akachovya dole. Akaliinua juu ya karatasi, likasimama hewani, linatafuta.

"Nionyesheni pa kubonyeza. Sitaki niharibu karatasi ya watu."

"Kamera," mwenyekiti akaita, "wewe mwenye macho. Mshike bibi mkono."

Kamera akatoka nyuma ya Mama Mdogo. Akalishika lile dole. Lilikuwa gumu, ncha yake imejaa alama ndogo ndogo za sindano za miaka hamsini, na wino ulikuwa wa baridi. Alikiona kile kiboksi kwenye karatasi, mahali palipoandikwa jina la bibi. Kulikuwa na umbali wa vidole vitatu.

"Shusha," mwenyekiti akasema.

Hakushusha.

"Kamera. Hapo chini."

"Si kweli," Kamera akasema.

Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Baba Mdogo aliuliza, "Anasemaje?"

"Picha ya kwanza si kweli. Mikonge haikuwa karibu na mpera. Ilikuwa karibu na jiwe. Hatua tatu." Alikuwa bado ameshika dole la bibi, analiongelesha lile dole. "Niliona vizuri, Baba Mdogo. Niliona vizuri, halafu nikaisogeza."

Baba Mdogo akasogea. Hakuwa na hasira bado, alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama ubao uliopinda baada ya kuupima mwenyewe. "Ukaisogeza. Mpaka wa watu. Kwa nini?"

"Ng'ombe hakuenea."

"Nini?"

"Kibao kilikuwa kimebanduka pembeni. Ng'ombe hakuenea. Nikamchora mdogo akawa kama mbuzi. Ndiyo nikaisogeza mikonge ili apate pa kulala."

Kicheko kikamponyoka mtu mmoja huko nyuma, kikafa chenyewe. Baba Mdogo akageuka, akautazama mstari wa mashimo, kisha akalitazama jiwe, na ng'ombe wake aliyekuwa pale pale anacheua. Halafu akaenda mezani, akaichukua karatasi yenye sahihi yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akaiokota nguzo ya kwanza na kuanza kuirudisha karakana. Mama Mdogo akasema, "Mungu wangu," akaziba mdomo kwa kiganja.

Bibi Cherehani ndiye ambaye hakusogea. Dole lake lenye wino lilikuwa bado mkononi mwa Kamera.

"Hatua tatu?" akauliza.

"Tatu, Bibi. Ulikuwa sawa. Kichwa chako hakina kasoro."

Bibi akashusha pumzi ndefu, ikatoka kama hewa kwenye mpira wa baiskeli. Macho yakamlowa. Kamera akadhani yameisha. Lakini bibi akaukunja mkono, akalitoa dole lake pale lilipokuwa limeshikwa, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mtu anayeshukuru.

"Siku ile nilisimama hapa hapa nimeshika picha yako. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitoa ndani. Ulikuwa umekaa pale kwenye ngazi, hatua tano kutoka kwangu. Mbona hukusema?"

"Bibi naye!" fundi baiskeli akaingilia kwa upole ambao si kawaida yake. "Mtoto mwenyewe haya zimemjaa. Salamu tu inamshinda, atasimama mbele ya watu ishirini aseme?"

"Ni kweli, ana haya," Mama Mdogo akasema haraka. "Tangu mdogo. Hata shuleni."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Wote walikuwa wanakubali, kama siku ile, wanamtengenezea njia ya kupita, pana na laini, na yeye alichotakiwa kufanya ni kutazama vidole vya miguu na kusema ndiyo.

Akamtazama bibi usoni.

"Si haya," akasema. "Haya ninazo, lakini si haya. Ulipoitoa picha ndani nilijua, kabla hata mwenyekiti hajavaa miwani. Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Halafu akasema mkono wangu haujui uongo, na watu wote wakanigeukia. Mzee yule akasema nina kipaji. Sijawahi kusifiwa mbele ya watu, Bibi. Nilikuona umeinama, nilikuona midomo inatetemeka, nikakaa chini. Nilitaka waendelee kidogo."